Kutoka Binti Said hadi Said-Ruete: Asili na Historia ya Jina Adimu la Ukoo lenye Chimbuko la Kijerumani

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya jina la ukoo Ruete, jina adimu la Kijerumani lililoingia katika historia ya Zanzibar mwaka 1867 kwa ndoa ya Sayyida Salme binti Said na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, na ambalo baadaye lilizaa jina jipya kabisa, Said-Ruete. Hoja kuu ni kwamba historia ya jina hili ni historia ya kukutana kwa mifumo miwili ya kutaja watu: mfumo wa nasaba wa Kiarabu na Kiswahili, na mfumo wa jina la ukoo lililofungwa na sheria ya dola ya Kijerumani. Makala inaonesha kwamba jina Ruete lilimpa Salme uraia na likamwondolea mahali pake katika mirathi. Lilitumiwa na serikali ya Berlin kwa maslahi yake. Na hatimaye lilitengenezwa upya na mwanawe kwa namna ambayo haikuwa ya Kijerumani kamili wala ya Kiarabu kamili.

1.0 Utangulizi

Mwanamke aliyezaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844, alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, mwaka 1924, kwenye eneo la ukoo wa Ruete. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa na majina mawili ambayo kila moja lilitosha kumtambulisha katika nchi moja na halikutosha katika nyingine. Unguja alikuwa Salme binti Said bin Sultan. Ujerumani alikuwa Emily Ruete. Maisha yake yameandikwa mara nyingi, na yeye mwenyewe aliyaandika kabla ya wengine katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka Berlin mwaka 1886. Kilichoshughulikiwa kwa uchache ni jina lenyewe: lilitoka katika utaratibu gani, lilimpa mwenyewe haki gani, lilimnyima zipi, na liliendeleaje baada yake.

Swali hilo si dogo. Jina la mtu ni hati. Kwa jina hujulikana nani ni mtoto wa nani, nani anarithi, nani ni raia wa wapi, na nani ana haki ya kulindwa na dola gani. Mtu anapobadilisha jina kwa ndoa, kwa ubatizo au kwa kuhama, mara nyingi habadilishi sauti tu bali hubadilisha pia mahakama itakayomsikiliza. Katika kisa cha Ruete mabadiliko hayo yote matatu yalitokea pamoja. Kwa sababu hiyo jina hili moja, licha ya uchache wa waliolibeba, lina mengi ya kufundisha kuhusu uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani katika karne ya 19.

2.0 Jina la ukoo katika nchi za Wajerumani

Katika nchi zinazozungumza Kijerumani majina ya ukoo yalianza kuenea katika miji tangu karne ya 12, na kufikia mwisho wa zama za kati yalikuwa ya kawaida katika sehemu nyingi. Wataalamu wa majina huyagawa katika makundi makuu. Lipo kundi la majina ya kazi, kama Müller kwa msaga nafaka na Schmidt kwa mhunzi. Lipo la majina ya mahali, linalotaja kijiji au umbo la ardhi mtu alikotoka. Lipo la majina ya sifa ya mwili au tabia, kama Klein kwa mtu mdogo na Lange kwa mtu mrefu. Na lipo la majina yatokanayo na jina la baba, kama Petersen, yaani mwana wa Peter.

Majina ya makundi hayo hayakuenea kwa kiwango kimoja. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi, kwa hiyo Schmidt wapo kila mahali. Kinyume chake, jina lililofungamana na kaya chache za eneo moja lilibaki na kaya hizo, na likaweza kutoweka endapo wanaume wake wangekosa watoto wa kiume. Ruete ni la aina hiyo ya majina machache. Mtu aliyelitaja Hamburg katika karne ya 19 hakuwa akitaja umati, bali familia inayojulikana.

Kundi la mwisho miongoni mwa makundi yaliyotajwa lina umuhimu wa pekee katika makala hii. Katika maeneo ya kaskazini, jirani kabisa na Hamburg, utaratibu wa kumtaja mtu kwa jina la baba yake uliendelea kuwa hai kwa muda mrefu. Peter akiwa na mwana aitwaye Hans, mwana huyo aliitwa Hans Petersen. Naye Hans akizaa, mtoto aliitwa Hansen. Jina lilibadilika kila kizazi. Katika Schleswig, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, amri ya mwaka 1771 iliagiza kwamba jina lisibadilike tena bali lirithiwe kama lilivyo. Frisia Mashariki ilifikiwa na agizo la namna hiyo mwaka 1811, wakati wa utawala wa Napoleon. Watu waliendelea kuitana walivyozoea kwa miaka mingi baada ya amri hizo, lakini vitabu vya kodi, vya jeshi na vya mahakama vilikwisha kufunga mlango.

Hivyo si sahihi kudhani kwamba Wajerumani daima walikuwa na majina ya ukoo na Waarabu daima walikuwa na nasaba, kana kwamba hizo ni tabia za damu. Mjerumani wa kaskazini na Mswahili wa pwani waliwahi kutajana kwa kanuni inayofanana. Kilichowatenganisha ni dola iliyohitaji jina lisilosogea ili imjue mlipa kodi wake.

Sheria hizo pia zilimgusa mwanamke. Sheria Kuu ya Prussia ya mwaka 1794 ilimpa mke jina la mumewe, na Sheria ya Madai ya Ujerumani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900 ikaliweka jambo hilo kuwa kanuni ya nchi nzima. Jina la kuzaliwa la mke halikufutika kabisa katika maandishi. Liliweza kutajwa baada ya jina la ndoa, likitanguliwa na neno lenye maana ya "mzaliwa". Lakini lilikuwa kumbukumbu tu. Watoto hawakulirithi.

3.0 Nasaba: kanuni ya bin na binti

Mfumo aliozaliwa nao Salme ulikuwa na msingi mwingine. Mtu hutajwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na kuendelea kadiri inavyohitajika, na mwisho huweza kutajwa kabila au ukoo mkubwa. Baba yake alikuwa Said bin Sultan bin Ahmed, wa ukoo wa Al Busaidi, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856. Salme kwa hiyo alikuwa binti Said, na hakuna ndoa ambayo ingemfanya awe binti mtu mwingine. Kanuni ya kumnasibisha mtu na baba yake mzazi ina mizizi katika Kurani, Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inayohusu watoto wa kulelewa. Kwa msingi huo mke wa Kiislamu wa pwani alibaki na jina la baba yake tangu kuzaliwa hadi jina lake liliposomwa katika mirathi.

Nasaba ilikuwa na nguvu nyingine ambayo ni lazima itajwe. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka Circassia akiwa mtoto. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na ana haki sawa na watoto wa mke wa ndoa. Hadhi ya mama haikumshusha binti, kwa kuwa mstari uliohesabiwa ulikuwa wa baba. Lakini kanuni hiyo hiyo iliyompandisha Salme ilimwacha Jilfidan bila mstari. Katika kumbukumbu za kasri yeye ana jina moja tu. Hana bin wala binti.

Hali ilikuwa nzito zaidi kwa watumwa waliofanya kazi katika mashamba ya karafuu, yakiwemo mashamba ya familia hiyo huko Kizimbani na Bububu. Wengi wao walipoteza majina waliyokuja nayo na kupewa mapya na mabwana zao; Mabruki, Baraka na Feruzi ni mifano inayofahamika katika historia ya pwani. Nasaba, basi, haikuwa desturi ya kutaja watu tu. Ilikuwa pia mpaka kati ya aliye na ukoo na aliyeondolewa katika ukoo wake. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya saba, kwa sababu ndilo lililolirudisha jina Ruete katika mjadala wa hadhara katika karne ya 21.

4.0 Ruete linafika Unguja

Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wamejenga makao Unguja tangu miaka ya mwisho ya 1840. Nyumba ya O'Swald ilifungua ofisi yake mwaka 1849, na nyumba ya Hansing ikafuata. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Zanzibar. Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa Hamburg tarehe 10 Machi 1839, alikuwa mmoja wa vijana waliokuja katika wimbi hilo, akiwa wakala wa Hansing. Nyumba aliyoishi katika Mji Mkongwe ilikuwa jirani na ya Salme, na mazoea yao yalianzia hapo.

Wakati huo Salme alikuwa hana wazazi wala kinga kubwa ndani ya ukoo. Baba alikufa mwaka 1856, na mama mwaka 1859. Katika ugomvi wa mwaka 1859 kati ya Majid, aliyekuwa kwenye kiti, na ndugu yake Barghash, Salme aliandika barua kwa niaba ya upande wa Barghash, kwani alikuwa amejifundisha mwenyewe kuandika, ujuzi ambao mabinti wa kasri hawakufundishwa. Jaribio hilo lilishindwa. Barghash alipelekwa Bombay, na Salme akabaki akitazamwa kwa jicho la mashaka na pande zote mbili.

Alipopata mimba ya Heinrich, jambo likawa la hatari kwa maisha yake. Mwezi Agosti 1866, usiku ambao watu wa mji waliteremka baharini kuoga kwa ajili ya Siku ya Mwaka, alipanda manowari ya Kiingereza Highflyer na kupelekwa Aden. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa huko mwezi Desemba mwaka huo. Heinrich alibaki Unguja kumaliza shughuli zake na akafika Aden mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa taratibu za Kanisa la Kianglikana, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafungishwa ndoa. Asubuhi alikuwa Salme binti Said. Jioni alikuwa Emily Ruete.

Majina hayo mawili mapya hayakuwa na uzito sawa. Emily lilitokana na ubatizo, na athari yake ilikuwa katika dini: mbele ya kadhi, aliyertadi hamrithi Mwislamu. Ruete lilitokana na ndoa, na athari yake ilikuwa katika uraia: kwa jina hilo alikuwa mtu wa Hamburg, na baada ya mwaka 1871 raia wa Dola ya Ujerumani. Kwa hiyo jina la kwanza lilifunga mlango wa mirathi ya ndugu zake, na la pili likafungua mlango wa konseli. Madai yote aliyoyapeleka kwa ndugu zake katika miaka ishirini iliyofuata yalipita katikati ya milango hiyo miwili.

5.0 Jina kama hati: Hamburg

Mtoto wa kwanza hakufika Hamburg. Alifariki njiani mwaka 1867. Baada yake walizaliwa watatu: Antonie Thawka tarehe 25 Machi 1868, Rudolph Said tarehe 13 Aprili 1869, na Rosalie Ghuza tarehe 16 Aprili 1870. Mpangilio wa majina hayo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kila mtoto ana jina la kwanza la Kijerumani, jina la pili la Kiarabu, na jina la ukoo la baba. Kwa macho ya karani wa Hamburg jina la pili lilikuwa pambo lisilo na kazi ya kisheria. Kwa mama lilikuwa mahali pekee ambapo sheria ya nchi ile ilimruhusu kuweka kitu cha kwao. Jina la ukoo halikuwa lake kulitoa. Jina la pili lilikuwa lake.

Tarehe 6 Agosti 1870, miezi michache baada ya kuzaliwa Rosalie, Heinrich Ruete alifariki kutokana na ajali ya tramu ya farasi. Mjane alikuwa na umri wa miaka 25, mgeni wa lugha, na mwenye watoto watatu wadogo. Hapo ndipo alipojua mipaka ya jina alilopewa. Sheria za Hamburg za wakati huo zilimhesabu mwanamke kuwa mtu anayehitaji msimamizi wa kiume katika mambo ya mali, na mali ya marehemu ikawekwa chini ya wasimamizi. Unguja, akiwa binti wa miaka kumi na mitano, alikwisha kumiliki mashamba kwa jina lake mwenyewe, kama sheria ya Kiislamu inavyomruhusu mwanamke. Hamburg, akiwa mjane na mama, hakuweza kuiendesha mali ya nyumba yake bila saini ya mwanamume.

Ulinganisho huu unapinga dhana iliyozoeleka kwamba kuhamia Ulaya kulikuwa kwa kila hali kupata uhuru. Jina la ukoo la Kijerumani lilimwokoa na hatari ya kifo. Pamoja na hayo, lilimweka chini ya ulezi wa kisheria ambao nasaba yake haikumwekea. Haki aliyokuwa nayo kama binti Said ya kuuza, kununua na kusimamia ilipungua alipokuwa mke, na kisha mjane, wa Ruete.

6.0 Jina kama chombo cha siasa, 1875–1890

Mwaka 1875 Barghash, ambaye tangu 1870 alikuwa Sultani, alizuru London. Salme alisafiri kwenda kumwona. Serikali ya Uingereza, kupitia Sir Bartle Frere, ilimshawishi asimwendee ndugu yake, na kwa upande wake ikaahidi kuwaangalia watoto wake. Ahadi hiyo haikutekelezwa. Mantiki ya Waingereza ilikuwa wazi: akiwa Ruete, alikuwa Mjerumani, na watoto wake ni Wajerumani, ugomvi wake na Sultani ungeweza siku moja kuwa ugomvi wa Berlin.

Hofu hiyo ilithibitika miaka kumi baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alikusanya mikataba na machifu wa bara, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alitoa hati ya ulinzi juu ya maeneo hayo. Barghash alipinga. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake, na katika msafara huo alikuwamo pia Emily Ruete pamoja na watoto wake. Aliporudi, watu wa mji walimsalimia kama Bibi Salme. Katika nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje alikuwa raia wa Ujerumani mwenye madai ya mirathi dhidi ya Sultani. Bismarck hakuhitaji madai hayo yalipwe, alihitaji yawepo. Mwenye madai akiitwa Salme binti Said, shauri ni la nyumbani, la kadhi na la wazee wa ukoo. Akiitwa Ruete, shauri ni la dola kwa dola.

Palisikika pia uvumi kwamba mwanawe angeweza kuwekwa kwenye kiti cha enzi. Uvumi huo unaonesha jinsi mifumo miwili ya majina ilivyotazamana bila kuelewana. Kwa Mjerumani, kijana huyo alikuwa mjukuu wa Sayyid Said, na hilo lingeonekana kuwa hoja. Kwa Al Busaidi, alikuwa mwana wa Heinrich. Hapakuwa na kanuni yoyote ya nasaba ambayo ingempeleka kwenye kiti kupitia kwa mama yake.

Barghash aliposalimu amri katika suala la bara, Berlin haikuwa tena na haja na shauri la mirathi. Salme alirudi Unguja mara nyingine mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, lakini Sultani mpya Khalifa bin Said naye hakumkubalia. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliohusu Heligoland na Zanzibar, na jina Ruete likaacha kuwa na thamani katika siasa. Mwenyewe alikwisha kuondoka. Aliishi Jaffa, kisha Beirut hadi mwaka 1914, kati ya watu wanaozungumza lugha ya baba yake.

Katika kipindi hicho hicho, hata hivyo, alikuwa amelitumia jina kwa namna yake. Kitabu cha mwaka 1886 alikitoa akiwa Emily Ruete, mzaliwa wa nyumba ya kifalme ya Oman na Zanzibar. Alichukua kile kijineno cha Kijerumani kinachomhifadhia mke jina la baba yake na kukigeuza kuwa dai la nasaba. Ilikuwa ni njia pekee iliyobaki ya kusema "binti Said" kwa lugha isiyo na neno hilo.

7.0 Said-Ruete: kizazi cha pili

Sheria iliyompa mama jina la Ruete iliwaondolea mabinti zake jina hilo hilo. Antonie aliolewa mwaka 1898 na Eugen Brandeis, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika Visiwa vya Marshall, akawa Antonie Brandeis. Rosalie aliolewa mwaka 1902 na ofisa wa jeshi, akawa Rosalie Troemer. Katika tawi hili jina lilibaki kwa Rudolph peke yake.

Rudolph alitumikia jeshi la Ujerumani, kisha akaingia katika kazi za benki na biashara katika nchi za Mashariki. Akiwa mtu mzima alilichukua jina lake la pili, lile alilopewa na mama, akaliunganisha na jina la baba, na kujiita rasmi Rudolph Said-Ruete. Kwa hatua hiyo jina ambalo karani wa Hamburg aliliona pambo likawa sehemu ya jina la ukoo, lenye kurithiwa.

Umuhimu wa hatua hii ni kwamba haikubaliki kikamilifu katika mfumo wowote kati ya miwili iliyochunguzwa hapa. Kwa desturi ya Kijerumani, jina la upande wa mama halirithiwi. Kwa desturi ya Kiarabu, Said si baba wa Rudolph bali ni babu mzaa mama, kwa hiyo hawezi kutajwa katika mstari wake. Hata hivyo, uchaguzi huo haukukosa mantiki. Ukoo unaotawala Oman hadi leo hujulikana kama Al Said, yaani kizazi cha Said, na masultani wote wa Zanzibar hadi mwaka 1964 walitokana na wanawe. Kizazi hicho kwa desturi hupitia kwa wanaume. Said-Ruete lilidai kwamba kinaweza kupitia pia kwa binti.

Rudolph alilitetea dai hilo kwa kalamu. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu cha maisha ya babu yake, Said bin Sultan, na mwaka huo huo makala kuhusu utawala wa Al Busaidi katika Arabuni na Afrika Mashariki. Mwaka 1934 alikuwa raia wa Uingereza. Mwaka 1937 maktaba yake, pamoja na maandishi ya mama yake, iliwekwa Leiden, Uholanzi, ambako watafiti wanaendelea kuitumia. Alifariki Lucerne mwaka 1946. Binti yake aliyezaliwa mwaka 1910 aliitwa Salme. Kumpa mjukuu jina la bibi ni desturi inayofahamika sana pwani. Hapa ilitimizwa mbali na pwani, na bibi mwenyewe akiwa hai.

Emily Ruete alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Karibu miaka mia moja baadaye jina lake lilirejea kwenye mabango. Mwaka 2019 uwanja mmoja katika eneo la Uhlenhorst, Hamburg, ulipewa jina la Emily Ruete, kwa nia ya kumheshimu mwanamke mhamiaji na mwandishi. Haukupita muda mrefu, wakosoaji walionesha kwamba katika kumbukumbu zake alitetea utumwa wa pwani na kuwaandika Waafrika weusi kwa dharau, na baraza la eneo likaamua kuliondoa jina hilo. Zanzibar, kwa upande mwingine, Makumbusho ya Kasri yamemtengea chumba akiwa Bibi Salme. Jiji lililompa jina Ruete lililiondoa kwenye uwanja. Kisiwa kilichomhesabu kuwa ameritadi kinalihifadhi jina alilozaliwa nalo.

Uamuzi wa Hamburg hauwezi kueleweka bila kurejea kwenye suala la nasaba. Mwandishi aliyelalamika kwamba amenyang'anywa jina na mirathi hakuyaona majina yaliyonyang'anywa watu waliochuma karafuu katika mashamba ya ukoo wake. Mama yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopoteza ukoo kwa kuuzwa. Ukweli huo haufuti madhila aliyoyapata mjane wa Hamburg, wala madhila hayo hayaufuti ukweli huo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imefuatilia jina Ruete kutoka katika utaratibu wa majina ya ukoo ya kaskazini mwa Ujerumani hadi kwa wajukuu wa Sayyid Said. Mambo matatu yamedhihirika. Kwanza, tofauti kati ya jina la ukoo la Kijerumani na nasaba ya pwani si ya asili bali ni ya kihistoria: amri za dola katika karne ya 18 na 19 ziligandisha kitu ambacho hapo awali kilitembea kizazi hadi kizazi, kama bin inavyotembea. Pili, jina alilopewa Salme mwaka 1867 lilikuwa kinga na kizuizi kwa wakati mmoja. Lilimpa dola ya kumtetea, na dola hiyo ikamtumia kwa kadiri ilivyomhitaji. Tatu, jina Said-Ruete ni jaribio la kizazi cha pili la kurekebisha kile ambacho sheria za pande mbili zilikataa, yaani kumruhusu binti awe kiungo cha ukoo.

Kwa mtafiti wa historia ya Afrika Mashariki kuna funzo la kimbinu hapa. Nyaraka za kikonseli zinamtaja Ruete; masimulizi ya Unguja yanamtaja Bibi Salme; maktaba ya Leiden inamtaja Said-Ruete. Mtafiti atakayefuata jina moja atapata theluthi moja ya habari, na kila theluthi itakuwa na mdai, mshtakiwa na hakimu tofauti. Majina yote matatu yanapaswa kusomwa pamoja, na kando yao yasomwe pia yale ambayo nyaraka hazikuyaandika zaidi ya neno moja: Jilfidan, Mabruki, Feruzi.